Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha: Ushauri kwa Mwenye Akiba wa Sandoa

Tangu Kolwezi iwe makao makuu ya jimbo la Lualaba mwaka 2015, mwenye akiba wa Sandoa husikia maneno yaleyale kila ndugu anaporudi kutoka mgodini: nunua nyumba Kolwezi, weka mpangaji, pesa itakuja yenyewe kila mwezi. Maneno hayo hayana ubaya, ila yamekatwa nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo inayoamua kama nyumba itakulisha au itakula mshahara wako: mpangaji ni nani na analipwa na nani, karatasi za lupango zinasema nini, na chini ya lupango kumelala nini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize hivi: nyumba hii ikikaa tupu miezi minne, nitaanguka? Miezi minne ina sababu yake. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kwa kuwa bei ilikuwa imeporomoka. Juni ikaongeza miezi mitatu. Kuanzia 16 Oktoba ukaja utaratibu wa viwango: tani 18,125 kwa sehemu iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa mwaka 2027. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa 2019 mgodi wa Mutanda, uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani kwa kobalti, ulisimamishwa na mwenyewe, Glencore, na uzalishaji ukarudi mwaka 2021 tu. Na mwaka 2008 bei ya shaba ilipoanguka, viwanda vingi vidogo vya Katanga vilizima tanuru zao.

Mambo hayo yakitokea, mchimbaji, mnunuzi wa madini na dereva wa lori hukosa pesa ya pango kwa wakati mmoja, mtaa mzima. Mwenye nyumba asiye na deni hupunguza pango na kusubiri. Mwenye deni hasubiriwi na benki. Nyumba ya kwanza basi ichaguliwe kwa kipimo hicho cha miezi minne, na kila hatua hapa chini inarudi kwenye kipimo hicho.

Anza na mpangaji

Wengi huanza na nyumba: wameona ukuta mzuri, wameona mabati mapya, wamependa. Anza na mtu atakayelala humo. Kolwezi ina wapangaji wa namna tatu kubwa. Wa kwanza ni wafanyakazi wa kampuni kubwa kama KCC na Kamoa-Kakula, mgodi ulioanza kutoa shaba mwaka 2021 magharibi ya mji. Hao hulipwa kwa benki kila mwezi, lakini wanataka maji, umeme, ua uliofungwa na njia inayopitika na basi la kazini. Wa pili ni watu wa serikali, walimu, wauguzi na wanafunzi: pango lao ni dogo, mishahara yao mara nyingine huchelewa, lakini hawaondoki kwa sababu bei ya kobalti imeshuka London. Wa tatu ni wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini. Msimu ukiwa mzuri hulipa kuliko wote na hawabishani. Msimu ukigeuka huondoka bila kuaga.

Nyumba ya kwanza isiwategemee hao wa tatu peke yao. Tafuta mahali ambapo mpangaji mmoja akiondoka, mwingine wa kazi tofauti anaweza kuingia: karibu na soko, shule, hospitali, au barabara ya teksi. Nyumba iliyo kwenye mlango wa mgodi mmoja ina mpangaji mmoja tu, hata kama wanaolala humo ni familia kumi, kwa maana wote wanategemea mlipaji yuleyule.

Usiidharau Sandoa pia. Pango la Sandoa ni dogo, lakini lupango ni rahisi zaidi, na wapangaji wapo: watumishi wa teritwari, walimu na wauguzi waliohamishiwa hapa, watu wa mashirika, wachuuzi wanaopita kati ya Kasaji na Kapanga. Faida kubwa ni kwamba nyumba unaiona. Bati likipeperuka usiku wa mvua, asubuhi uko pale. Anayeishi Sandoa na kumiliki nyumba Kolwezi anahitaji mtu wa kukusanya pango, kuita fundi na kusema kweli. Mtu huyo, hata akiwa mdogo wako wa tumbo moja, alipwe kwa mapatano ya wazi. Ndugu asiyelipwa hujilipa.

Soma karatasi kabla ya kusoma ukuta

Sheria ya ardhi ya Congo ni ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa 1980. Msingi wake ni mmoja: ardhi ni mali ya Dola. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti kimoja tu, kile ambacho ofisi zetu zinakiita certificat d'enregistrement, kinachotolewa na Mhifadhi wa hati za ardhi. Mkongomani anaweza kupewa haki isiyo na mwisho, concession perpétuelle. Mgeni na kampuni hupewa ya muda, isiyozidi miaka 25, ingawa inaweza kufanywa upya. Ukinunua kwa kampuni au kwa mgeni, hesabu miaka iliyobaki.

Karatasi nyingine zote ni hatua za njiani. Fiche parcellaire ya komini, barua ya shefu wa mtaa, hati ya mauziano yenye mashahidi wanne na alama za vidole: zinasaidia kuonyesha historia ya lupango, lakini hazisimami mahakamani mbele ya cheti. Mkataba wa awali na Dola, ule wa miaka 3 unaopewa ili ujenge kwanza, una nguvu zaidi, lakini nao una masharti na una mwisho. Bei ifuate karatasi. Lupango lenye fiche tu halipaswi kuuzwa kwa bei ya lupango lenye cheti, hata kama yako mtaa mmoja na nyumba zinafanana.

Muuzaji akikuonyesha cheti, omba nakala, kisha nenda nayo mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi inayohusika na eneo lile, bila muuzaji na bila komisioneri. Juu ya cheti kuna namba ya volume na ya folio: omba ilinganishwe na kitabu cha ofisi. Tazama jina: ni la yule anayekuuzia, au la marehemu baba yake? Tazama sehemu ya madeni: kama nyumba imewekwa rehani benki, imeandikwa pale. Tazama tarehe: cheti kilichotimiza miaka miwili bila kushtakiwa ni vigumu sana kukipinga, lakini kilichotolewa mwezi uliopita kinaweza kuwa kimezaa kesi ambayo hujaisikia. Mwisho tazama ukubwa. Umeandikwa kwa are, na are moja ni mita za mraba 100. Chukua futi ya fundi uende kwenye lupango: mita 20 kwa 25 ni are 5. Cheti kikisema are 4, basi kipande cha ua unaoonyeshwa ni cha jirani, na jirani anajua.

Kuna jambo moja linalowakuta wanunuzi wengi wa kwanza. Mtu ana lupango kubwa, anakukatia nusu, mnaandikishana, unajenga. Kama watu wa kadasta hawakuja kupima, kusimika mawe ya mipaka na kugawa cheti, nyumba yako imesimama ndani ya cheti cha mtu mwingine. Siku akikopa kwa cheti kile, rehani inabeba na ukuta wako. Ugawaji ufanywe kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya bei.

Kwa Sandoa, nje ya kituo cha mji, ardhi hutoka mikononi mwa machifu. Heshimu njia hiyo: salamu zifikishwe, majirani washuhudie, mipaka itembelewe kwa miguu. Lakini usiishie hapo. Sheria ya 1973 iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za ardhi ya kimila, na miongo ikapita bila amri hiyo. Ndiyo maana neno la chifu linakupa amani na majirani, bali cheti ndicho kinachokupa amani na mahakama. Mwenye busara hutafuta vyote viwili.

Chini ya lupango

Anayenunua Kinshasa au Goma hana haja ya sura hii. Anayenunua Kolwezi hawezi kuiruka. Cheti cha ardhi kinakupa haki ya juu ya ardhi. Madini yaliyo chini ni ya Dola, na sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamruhusu mwenye kibali cha madini kuhitaji ardhi iliyo juu, kwa kulipa fidia.

Kasulo ndio mfano ambao kila mtu wa Kolwezi anaujua. Mwaka 2014 mkazi mmoja alikuwa akichimba kwenye lupango lake akakuta madini ya kobalti. Habari zikasambaa, watu wakaanza kuchimba uani, sebuleni, chini ya vitanda, mpaka mtaa ukajaa mashimo. Mwaka 2017 mamia ya familia waliondolewa, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, ikakabidhiwa kampuni ya CDM, tawi la Huayou ya China. Upande wa Musonoi na Cité Gécamines, upanuzi wa mgodi wa COMMUS umekula nyumba, na malalamiko juu ya fidia yaliandikwa na Amnesty International katika ripoti ya 2023.

Kwa hiyo nenda na kwenye kadasta ya madini, CAMI, ambayo ni ofisi tofauti kabisa na kadasta ya ardhi. Ramani yake ya vibali inatazamwa hata kwenye intaneti. Karibu Kolwezi yote imezungukwa na vibali, kwa hiyo kukuta rangi karibu na mtaa si sababu ya kukimbia. Swali ni umbali wa shimo linalochimbwa sasa, na linaelekea wapi. Waulize wakazi: nyufa zimeanza lini? Milipuko inasikika saa ngapi? Kuna nyumba zilizopigwa namba kwa rangi? Ukiona namba ukutani, uliza nani aliziandika kabla ya kuuliza bei.

Kwa nyumba za zamani za Gécamines, kama za Kapata, Luilu au Musonoi, ongeza swali moja: iko wapi karatasi inayoonyesha kampuni ilimwachia nani nyumba hii? Kukaa ndani miaka 30 peke yake si karatasi.

Muuzaji ana familia

Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka makubaliano ya mume na mke wote wawili ili nyumba au ardhi yao ihamishwe, bila kujali utaratibu wa mali waliouchagua siku ya ndoa. Muuzaji akisema mke wake yuko safarini, nawe ngoja arudi. Nyumba ya urithi ni ngumu zaidi: kaka mkubwa hana mamlaka ya kuuza peke yake kwa sababu tu yeye ndiye mkubwa. Warithi wote wasaini, na awepo msimamizi wa urithi anayetambuliwa kisheria. Mtoto aliyesahaulika Dilolo au Lubumbashi atajitokeza siku umemaliza kupaka rangi.

Hati ya mauziano ifanywe mbele ya notere au Mhifadhi, kisha cheti kipya kitolewe kwa jina lako. Lipa kwa awamu: sehemu siku ya kusaini, sehemu uhamisho ukiwa umeanza, na kiasi cha kuuma kibaki hadi cheti kitoke. Pesa ipitie benki, iache alama. Na usisahau bili za SNEL na Regideso: deni la muuzaji hukata umeme wa mpangaji wako.

Hesabu inayosema ukweli

Tuchukue tarakimu za mfano, wewe uweke zako. Nyumba ya milango miwili inagharimu dola 15,000 pamoja na ada zote. Kila mlango unapangishwa dola 100, kwa hiyo 200 kwa mwezi, 2,400 kwa mwaka. Komisioneri ataishia hapo na kukupongeza.

Wewe endelea. Hesabu miezi 10 yenye wapangaji, si 12: zimebaki 2,000. Toa kodi ya mapato ya pango. Kiwango kilichozoeleka nchini ni 22%, yaani 440. Toa 200 za matengenezo. Mkononi zimebaki 1,360 kwa mwaka, karibu 113 kwa mwezi, sawa na 9% ya pesa uliyoweka. Si haba, lakini ni zaidi kidogo tu ya nusu ya alichokuambia komisioneri.

Sasa weka mkopo. Umekopa 10,000 kwa riba ya 15% kwa miaka 5: malipo ni karibu dola 238 kila mwezi. Hata milango yote miwili ikijaa mwaka mzima, pango la 200 halifiki. Kwa hesabu ya kweli, unaongeza karibu 125 kutoka mshahara wako kila mwezi. Na nyumba ikikaa tupu miezi minne, umetoa zaidi ya 950 bila kupokea kitu. Nyumba haijilipii mkopo wa muda mfupi. Mshahara wako ndio unaoulipa, pango linasaidia tu. Anayekopa akijua hivyo hana tatizo. Wanaolia ni wale walioambiwa nyumba itajilipa.

Pesa itoke wapi

Rawbank, Equity BCDC na TMB zote hukopesha, hasa mtu ambaye mshahara wake unapita kwao. Uliza mambo matatu kwa maandishi: jumla ya pesa utakayorudisha, ada na bima zilizo nje ya riba, na adhabu ya kuchelewa. Uliza pia sarafu. Kopa kwa sarafu unayolipwa. Mwaka 2025 faranga ilipanda ghafla dhidi ya dola ndani ya majuma machache, baada ya miaka mingi ya kushuka. Mwenye mapato ya dola na madeni ya faranga aliona uchungu wake, kama vile kabla yake wenye mishahara ya faranga na madeni ya dola walivyoona. Riba ya Benki Kuu ilikuwa 25% tangu Agosti 2023, ikashushwa hadi 17.5% Oktoba 2025. Mkopo wa faranga haukuwa wa bei rahisi miaka hiyo.

Kwa watu wengi wa Sandoa, njia iliyo salama zaidi ni ya hatua. Mwaka wa kwanza, lupango lenye karatasi. Mwaka wa pili, mlango mmoja tu, na pango lake lianze kununua matofali ya mlango wa pili. Likelemba ya watu wanaojuana kazini inaweza kulipia mabati au sementi ya mkupuo mmoja, mradi zamu yako iangukie kiangazi. Panga kazi kwa majira: msingi na kuta kati ya Mei na Agosti, bati lipande kabla ya mvua za Oktoba. Mvua zikianza, barabara ya Kasaji hugeuza bei ya mfuko wa sementi. Kuta zisizo na bati hunyeshewa, na tofali lisilochomwa vizuri hurudi kuwa udongo.

Kabla ya kumkabidhi mtu funguo

Tangu 31 Desemba 2015 kuna sheria ya mikataba ya kupanga nyumba za kuishi. Inaweka mpaka wa garanti: isizidi pango la miezi mitatu. Mjini utasikia wenye nyumba wakidai sita na zaidi. Usiwaige. Garanti kubwa ni deni lako kwa mpangaji, na aghalabu huwa imeshakuwa mabati siku anapoidai. Andika mkataba, mpangaji abaki na nakala, na pelekeni kwenye huduma ya makazi ya eneo lenu. Tembeeni ndani pamoja mkiandika hali ya kila kitu: kitasa, kioo, soketi, choo. Kama milango inachangia mita moja ya umeme, andikeni mgawo kabla ya bili ya kwanza, maana ugomvi wa uani huanzia hapo.

Kodi ya pango Lualaba inafuatiliwa na DRLU, ofisi ya mapato ya jimbo. Ulizia kiwango cha mwaka husika pamoja na kodi ya majengo kabla ya kupanga bei. Mpangaji akiwa kampuni, yeye ndiye hukata sehemu kubwa na kuilipa. Dai risiti yake, kwa sababu bila hiyo utadaiwa tena.

Kisha rudi kwenye miezi minne. Weka kando pango la miezi minne kwa jina la nyumba, usiliguse kwa harusi wala matanga. Kama mpango wako hauruhusu akiba hiyo, nyumba uliyoichagua ni kubwa kuliko mfuko wako. Punguza mlango mmoja, au nunua lupango tupu lenye cheti safi, ungoje kiangazi kijacho. Muuzaji atakuambia kuna mnunuzi mwingine njiani. Mwache anunue.